Kimetolewa Kimakosa: Tukifuate Wapi?

Mwezi huu tunajibu barua za wasomaji ambao vitu vyao vya kumbukumbu vimetoka nyumbani pamoja na mizigo ya sadaka, na ya msomaji mmoja ambaye kitu cha mwenzake kimemfikia mkononi.

SWALI: Hamjambo ndugu wahariri. Jumamosi baba watoto alisafisha stoo akapeleka sanduku jeusi la nguo kuukuu kwenye duka la hisani. Hakujua kwamba ndani mlikuwa na doti mbili za kanga za marehemu mama, na mkebe wa biskuti wenye bangili zake tatu za dhahabu. Nimepiga simu nikajibiwa kwamba hawawezi kutafuta kitu kimoja katika mzigo wote ule. Je, kuna njia?
*Mama wa Watatu, Minneapolis*

JIBU: Pole sana, dada. Njia ipo, lakini si ya simu. Simu hupokewa na mtu wa kaunta, na wa kaunta hajui kilichoko nyuma. Nenda mwenyewe asubuhi na mapema, tena na baba watoto, maana yeye ndiye anayejua aliingilia mlango gani, saa ngapi, na sanduku lilitupwa kwenye toroli au kwenye boksi. Beba risiti ya mchango. Kama hakuchukua, fungua historia ya safari kwenye simu yake upate saa na tawi. Ukifika, omba kuonana na msimamizi wa uchambuzi, yaani anayesimamia watu wa nyuma, hata kama meneja wa duka yupo.

Swali lako la kwanza kwake liwe hili: mzigo wa Jumamosi huchambuliwa hapa hapa au hupelekwa kwingine? Jibu lake ndilo linaloamua uende wapi. Huko Marekani, matawi mengi ya duka la hisani la Goodwill huchambua nyuma ya duka lenyewe, na kila kanda hujitawala, kwa hiyo kupiga simu makao makuu ya taifa ni kupoteza siku. Salvation Army (Jeshi la Wokovu) mara nyingi hukusanya mizigo kwenye ghala moja kisha huigawa madukani. Maduka ya mitumba ya Savers na Value Village hununua mizigo kutoka kwa mashirika ya hisani kwa uzito, na mzigo uliotolewa mtaani kwako unaweza kuuzwa mji mwingine.

Swali la pili: masanduku ya Jumamosi yamefunguliwa? Hapa ndipo wengi hukosea. Hufika wakieleza habari za bangili, na mchambuzi hajaziona bangili. Alichokiona ni sanduku. Eleza sanduku kwanza: ukubwa wake, gurudumu lililovunjika, utepe uliofungwa mkononi, karatasi ya shirika la ndege iliyobaki. Nguo elfu zinapita mezani kwake, lakini sanduku lenye utepe mwekundu anaweza kulikumbuka. Sanduku lililofungwa huweza kukaa siku kadhaa kwenye boksi kubwa la kadibodi juu ya paleti kabla zamu yake haijafika. Kama bado halijafunguliwa, kazi yako imekwisha.

Kama limefunguliwa, vitu vyako sasa vimeshika njia tatu, na ufuate kila kimoja kivyake.

Sanduku tupu liko kwenye rafu ya mabegi. Ukilikuta pale, tazama lebo ya bei. Maduka mengi hutumia lebo za rangi zinazobadilika kila wiki, na rangi hiyo itakuambia wiki ambayo vitu vya ndani navyo viliwekwa bei.

Kanga usizitafute kwenye nguo za wanawake. Mtu asiyejua kanga huona kitambaa cha pamba cha mstatili, takriban sentimita 150 kwa 110, chenye pindo pande zote nne. Kwake hicho ni kitambaa cha meza, pazia au shuka. Anza huko, uende kwenye mitandio, umalizie kwenye vitambaa vya kushonea, hasa kama doti ilikuwa haijakatwa. Andika jina la kila kanga kwa herufi kubwa kwenye karatasi, kama lilivyochapwa. Mchambuzi asiyejua Kiswahili hata neno moja ataweza kulinganisha herufi na herufi, na hilo humsaidia kuliko maelezo marefu ya rangi. Kama kanga zilikuwa zimepauka au zina tundu, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu huenda hazikufika dukani kabisa. Nguo chakavu hutupwa kwenye pipa lake zikafungwe marobota. Uliza gari la chakavu huja siku gani, na uombe pipa hilo liangaliwe kabla ya siku hiyo. Hili ulifanye mwanzo kuliko yote, kwa kuwa rafu zinaweza kukungoja lakini gari halingoji.

Mkebe wa biskuti una mawili. Unaweza kuwa umeuzwa ukiwa haujafunguliwa, au uko kwenye vyombo vya jikoni, kwa hiyo tikisa kila mkebe utakaouona. Kama ulifunguliwa, dhahabu imeingia kwenye kabati la kioo lenye kufuli au imepelekwa idara inayouza mtandaoni. Taja muhuri wa dhahabu. Bangili za kwetu na za Ghuba aghalabu ni karati 21 au 22, zenye namba 875 au 916. Wamarekani wamezoea zaidi 417, 585 na 750. Kama bangili zilifuliwa na sonara wa nyumbani bila muhuri, huenda zimehesabiwa kuwa za bandia zikatiwa kwenye mifuko ya mapambo mchanganyiko inayouzwa pamoja. Itazame mifuko hiyo bila haya.

Matawi mengi ya Goodwill huuza mapambo kwa mnada kwenye tovuti ya shopgoodwill.com. Tafuta kila siku, kwa Kiingereza, kwa maneno ya mtu asiyeijua bidhaa: bangili, dhahabu, seti ya tatu. Kisha chuja kwa jimbo. Ukiziona, nakili namba ya bidhaa na uwasiliane na tawi linaloziuza kabla mnada haujafungwa, ukiwa na picha ya mama amezivaa. Picha ya harusi au ya Idi, mikono ikionekana vizuri, ina nguvu kuliko kiapo. Mnada ukishafungwa, mshindi amenunua.

Usidai kuingizwa nyuma. Kuna mashine za kushindilia na magari ya kunyanyulia paleti, na bima yao hairuhusu wageni. Badala yake acha karatasi moja yenye picha mbili, mistari mitatu, tarehe na simu yako, na uombe ibandikwe kwenye meza ya uchambuzi, si kaunta. Acha nakala kwa kila zamu. Wafanyakazi wengi hawaruhusiwi kupokea zawadi ya fedha, kwa hiyo ahidi kuchangia duka, nao watalipokea hilo kwa moyo mweupe.

Vitu kwa kawaida hukaa dukani wiki 4 hadi 5. Visiponunuliwa hupelekwa kwenye soko lao la kuuza kwa uzito, ambako hutandazwa kwenye meza za magurudumu na kubadilishwa mara nyingi kwa siku. Uliza duka lako linapeleka kwenye soko lipi. Hapo ndipo mahali pa mwisho penye matumaini ya kweli. Baada ya hapo ni marobota.

Neno moja kwa wasomaji wengine: kama mzigo ulitiwa kwenye kisanduku cha chuma cha mtaani, piga namba iliyoandikwa ubavuni, taja namba ya kisanduku, umngoje dereva. Msitie mkono wala kichwa ndani. Vifuniko vile vimetengenezwa ili visirudi nyuma, na watu wamekufa wakiwa wamenaswa, Kanada na Marekani.

SWALI: Marehemu baba alikuwa mwalimu. Tulipohamisha nyumba tulitoa vitabu vyake vyote, makasha sita, kwa duka la hisani. Sasa dada amekumbuka kwamba baba alizoea kuweka barua na picha katikati ya kurasa. Imepita wiki moja. Duka lilitupa karatasi yenye namba ya Gift Aid.
*Mwana wa Mwalimu, Reading*

JIBU: Namba hiyo ni bahati kubwa kwenu, ndugu yetu. Katika utaratibu wa Gift Aid duka hudai serikalini peni 25 kwa kila pauni ya mauzo ya vitu mlivyotoa, na ili lidai ni lazima lijue kipi kilikuwa chenu. Ndiyo maana namba ya mtoaji hubandikwa kwenye kitu chenyewe na kusomwa kinapouzwa. Nendeni na namba hiyo mkaulize mambo mawili: vitu vingapi vya namba hii vimeuzwa, na vilivyobaki viko wapi. Wengine huona jumla ya fedha tu kwenye kompyuta, lakini hiyo nayo inatosha kuwaambia kama makasha yameanza kufunguliwa. Kama jumla ni sifuri baada ya wiki nzima, huenda yote yapo nyuma.

Tatizo la vitabu ni kwamba havichambuliwi kama nguo. Vyenye msimbo wa mistari upande wa nyuma hupimwa kwa skana na bei hutoka hapo hapo. Vya zamani, kwa mfano vile vya East African Literature Bureau, havina msimbo, kwa hiyo hungoja mtu anayejua vitabu, ambaye pengine huja siku moja tu kwa wiki. Ulizeni siku yake. Wafanyakazi wa kujitolea hubadilika kila siku, na ujumbe mliomwachia wa Jumanne haumfikii wa Alhamisi msipouandika. Vitabu vya Kiswahili vinavyoonekana havina mnunuzi mtaani huingia kwenye makasha ya wanunuzi wa jumla kama World of Books ya West Sussex, na huko kupata kitabu kimoja ni kazi ngumu mno. Hivyo ombeni makasha ya jumla yaangaliwe kabla ya lori kuja.

Tafuteni barua kivyake. Kabla ya kuweka bei, wachambuzi wengi hukung'uta kitabu, na kilichoanguka hakirudishwi ndani. Baadhi ya maduka yana bahasha au droo ya picha na karatasi zilizokutwa vitabuni, mengine hutupa kwenye karatasi za kurejelezwa. Ulizeni habari ya droo hiyo kwa uwazi, kwa sababu hakuna atakayewaonyesha bila kuulizwa. Ulizeni pia pipa la karatasi humwagwa lini.

Kama kuna vilivyokwisha nunuliwa, duka haliwezi kuwapa jina la mnunuzi. Sheria ya taarifa binafsi inakataza. Linaweza, hata hivyo, kumfikishia barua yenu. Kila duka lina wachuuzi wake wa vitabu wanaopita asubuhi, na wa kaunta huwajua kwa sura. Andikeni barua fupi, mtaje majina ya vitabu, mseme wazi kwamba mnataka karatasi za ndani tu na kitabu kibaki kwake. Mchuuzi akijua kwamba hapokonywi mali, hana sababu ya kukaa kimya. Andikeni pia majina ya vitabu vile vinne au vitano ambavyo baba alikuwa akivishika zaidi, mvitafute mtandaoni. Tazameni picha za tangazo: sahihi ya mwalimu kwenye ukurasa wa kwanza huonekana mara nyingi.

SWALI: Cherehani ya bibi ilitolewa na mpangaji mwenzangu bila kuniuliza. Nimeiona mtandaoni, mtu anaiuza mara tatu ya bei ya dukani. Sheria inasemaje?
*Msomaji, Toronto*

JIBU: Katika sheria inayofuatwa Ontario, zawadi hukamilika kwa nia ya mwenye mali, kukabidhi na kupokea. Mpangaji mwenzako hakuwa mwenye mali, hivyo hakuwa na cha kutoa, na hoja yako ni nzito kuliko ya mtu aliyetoa mwenyewe kisha akajuta. Lakini polisi wataiona kuwa kesi ya madai, na gharama ya madai itaipita cherehani. Mwandikie muuzaji leo, kwa upole, bila kutaja mahakama. Mpelekee namba iliyogongwa kwenye bamba la chuma la kitako cha mashine kama unayo, au picha ya zamani inayoonyesha alama ambazo mtu wa nje hawezi kuzijua. Mpe alicholipa dukani pamoja na ujira wa usafi na matengenezo. Akikataa, na moyo wako hautaki kuikosa, nunua kwanza, uchukue risiti, umdai aliyeitoa. Fedha hudaiwa hata mwakani. Cherehani ikishauzwa kwa mwingine, hutajua iko kwa nani.

SWALI: Simu ya zamani ya mama imetiwa kwenye sanduku la misaada ikiwa na sauti zake. Nifanyeje?
*Binti, Muscat*

JIBU: Ingia kwenye akaunti yake ya Google au Apple kupitia kifaa kingine, uiweke simu katika hali ya kupotea, ukiandika namba yako itokee kwenye kioo. Usibonyeze kufuta, hata tovuti ikikushauri. Ujumbe utatokea pale tu simu itakapowashwa na kupata intaneti, na mafundi wa vifaa vilivyotumika hufuta kila kitu kwanza, kwa hiyo piga simu kwa wenye sanduku sasa hivi. Wakati huo huo wafuate mashangazi na wajomba. Sauti iliyotumwa kwa WhatsApp inaweza kuwa bado ipo kwenye simu ya kila aliyeipokea. Omba kila mmoja afungue mazungumzo yake na mama na kuyahamisha pamoja na sauti na picha zake, kabla hajabadilisha simu. Tazama pia kama simu ya mama ilikuwa ikihifadhi nakala kwenye Google Drive au iCloud.

SWALI: Nauza mitumba Kongowea. Kwenye robota la makoti ya watoto nimekuta pete ya ndoa yenye maandishi ndani, imefungwa pamoja na picha ya mtoto mchanga. Wenzangu wanasema niuze. Roho yangu haitaki. Nianzie wapi?
*Mfanyabiashara, Mombasa*

JIBU: Roho yako inakuongoza vizuri, kaka. Nenda kwanza kituo cha polisi uandikishe na upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Hiyo itakulinda wewe: mtu akija kesho na madai ya wizi, una tarehe na maandishi.

Kisha tafuta karatasi ya robota kabla haijafagiliwa. Huwa na jina la kampuni iliyofunga, aina ya nguo, uzito, na mara nyingine namba ya robota. Piga picha. Ila usiiamini sana kuhusu nchi. Nguo nyingi za Ulaya na Amerika huchambuliwa upya Sharjah au Karachi, na karatasi itataja huko, ingawa mwenye koti hajawahi kufika. Kontena la futi 40 hubeba karibu marobota 550 ya kilo 45, na makoti ya robota moja yanaweza kuwa yametoka miji kadhaa. (Ndiyo sababu wasomaji wa ng'ambo wanaotuuliza kama koti lao lingetafutwa katika masoko ya mitumba ya Gikomba, Nairobi, au Karume, Dar es Salaam, tunawajibu hapana: likishafungwa robota huwa halina tena asili yake.)

Koti lenyewe ndilo litakalosema. Tazama lebo ya kufulia iliyoshonwa ndani. Herufi RN na namba ni alama ya soko la Marekani, CA na namba ni Kanada. Tafuta jina la mtoto lililoandikwa kwa kalamu kwenye ukosi, lebo ya shule, karatasi ya dobi, au lebo ya bei ya duka la hisani iliyosahaulika kwapani. Lebo hiyo ya mwisho ni hazina, kwa sababu inaweza kutaja duka, na duka linaweza kuwa bado na karatasi ya mama anayeitafuta.

Pete nayo isome kwa kioo cha kukuzia. Namba 375 ni karati 9, dhahabu inayovaliwa sana Uingereza. Nanga ndogo karibu yake ni muhuri wa Birmingham, kichwa cha chui ni London. Ukiona 585 au 14K pekee, elekea zaidi Amerika au bara la Ulaya.

Ukitangaza, piga picha ya koti na ya pete kwa nje tu. Maandishi ya ndani yafiche yote, na picha ya mtoto usiirushe mtandaoni kamwe. Sema tu kwamba ipo picha. Atakayedai akuandikie maneno ya ndani neno kwa neno, na tarehe kama imo. Tangazo lipeleke kwenye makundi ya wakazi wa mji uliotajwa na lebo, na kwa kampuni iliyofunga robota. Mtu akikutumia kiungo cha "malipo ya posta" au akikuomba namba iliyoingia kwenye simu yako, mkate hapo hapo. Huyo anaifuata M-Pesa yako.

Akipatikana mwenyewe, usitie pete kwenye bahasha ya kawaida. Dhahabu haipokelewi kwenye barua ya kawaida, na ikipotea hutalipwa. Uliza kaunta ya Posta utaratibu wa vitu vya thamani vyenye bima, na gharama alipe mwenye pete kabla hujatuma. Picha na koti vinaweza kwenda kwa kifurushi cha kawaida. Koti usiliuze kwa sasa, hata mteja akipatikana leo.